Askari Akirudi Apewe Shamba

Kwetu Waturkana, mtoto wa kiume hazaliwi katika kundi la baba yake. Baba akiwa Ngirisae, mwanawe ni Ngimor. Mwana huyo naye akizaa, mtoto anarudi upande wa babu. Kwenye akiriket, pale wanaume wanapokutana kula nyama ya dhabihu na kuamua mambo ya watu, baba na mwana huketi mbalimbali, babu na mjukuu wakawa pamoja. Mimi sasa nimefika umri wa kuketi na wajukuu. Baba yangu na rika lake lote wametangulia mbele ya haki. Tuliobaki kuwasimulia ni sisi tuliokuwa upande wa pili tukiwatazama, na naona ni wajibu wangu kuandika habari zao kabla nasi hatujaondoka.

Rika la baba lilifanya kazi mbili ambazo Mturkana wa zamani hakuzitafuta. Walivaa sare ya Mzungu wakaenda kupigana nchi za mbali, kisha wakarudi wakalima. Baada yao nimeona vizazi vingine viwili vya watu wa bunduki katika nchi hii kame kati ya Lodwar na Kakuma: vijana waliopata silaha za Moroto nchini Uganda, na wageni waliotukimbilia kutoka vita vya Sudan. Watu hawa hawafanani kwa lugha wala kwa sababu za kupigana. Ila kwa wote nimeona jambo moja, nalo ndilo ninalotaka kulisema hapa: vita vya mtu haviishi siku wakubwa wanapotia saini mkataba. Vinaisha siku mtu huyo anapovuna chakula katika ardhi ambayo hakuna wa kumfukuza.

Ukitaka kuwaelewa kina baba, anza na wazazi wao. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza ilileta huku msafara wa kijeshi ulioitwa Labur Patrol, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, pamoja na wenzao kutoka Sudan. Waliwasaka wapiganaji wa Ebei, kiongozi wetu wa vita, wakaswaga ng'ombe, ngamia na mbuzi kwa maelfu, wakakusanya bunduki. Familia nyingi zilibaki na fimbo ya kuchungia bila cha kuchunga. Turkana ikawa wilaya iliyofungwa, kuingia kwa kibali na kutoka kwa kibali. Kina baba walizaliwa katika umaskini huo, na habari za mifugo iliyochukuliwa ndizo zilizokuwa hadithi zao za jioni.

Miaka 22 baadaye, mkono uleule uliowanyang'anya bunduki ukawapa bunduki. Juni 1940 Italia iliingia vitani, na majeshi yake yalikuwa Uhabeshi, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Todenyang. Lokitaung ikageuka kituo cha jeshi. Vijana wa Kiturkana wakaandikwa, baadhi katika Keya yenyewe, baadhi katika vikosi vya wenyeji vilivyolinda mpaka. Mapema mwaka 1941 brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilivuka mpaka kutoka huku kwetu, na Novemba mwaka huo Gondar ikaanguka. Utawala wa Italia katika Uhabeshi ukawa umekwisha.

Walioendelea na Keya walipelekwa Ceylon, kisha Burma, chini ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wako ambao hawakufika. Meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika Burma walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, wakipigana na Wajapani na malaria kwa pamoja, hata Desemba 1944 wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Fikiria mtu aliyezaliwa Lodwar, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250, akilala miezi na miezi katika tope.

Baba hakuwa msemaji wa mambo ya vita. Alichosimulia zaidi ni hilo tope, na nyumbu waliobeba mizigo ya jeshi, na jinsi Mkamba, Mjaluo, Mnyasa na Mturkana walivyokuwa wakigawana biskuti moja. Kiswahili alikipata huko, kile cha amri na maswali mafupi, akakileta nyumbani kabla ya shule kufika. Watoto wa jirani walikuwa wakija kumsikiliza akihesabu moja hadi mia.

Wakenya takriban 98,000 walitumikia katika vita hivyo. Vilipokwisha, kila mmoja alilipwa kiinua mgongo chake akaambiwa aende kwao. Nyaraka zilizotolewa hadharani mwaka 2019 zilithibitisha yale ambayo kina baba walikuwa wakiyasema siku zote: malipo yalipimwa kwa cheo na kwa rangi, na askari Mzungu alipata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Fedha, hata hivyo, huisha. Jambo lililouma zaidi ni ardhi. Baada ya vita vya kwanza, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia wapiganaji wa Kiingereza mashamba zaidi ya elfu moja, mengi yakiwa Trans Nzoia na Laikipia. Baada ya vita vya pili, mpango mwingine wa kuwakalisha Wazungu ukaanzishwa mwaka 1946. Kitale, mji wa Trans Nzoia, iko kilomita mia tatu hivi kutoka Lodwar, na huko mvua haibembelezwi. Askari Mzungu alishuka kwenye treni akapewa shamba. Askari Mturkana alipita kandokando ya mashamba hayo juu ya lori, akishuka mteremko kurudi kwenye joto, kwenye wilaya ambayo bado ilikuwa imefungwa.

Serikali ile haikuona hatari iliyokuwamo katika askari asiye na ardhi. Mwaka 1953, baada ya hukumu ya kesi ya Mau Mau kule Kapenguria, ililetea Lokitaung wafungwa wake wakubwa. Bildad Kaggia alikuwa askari wa vita vya pili. Paul Ngei naye alipita jeshini. Mwaka uliofuata akaongezwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China, koplo wa Keya aliyepigana Burma. Watu hawa Mwingereza aliwafunza kupigana, wakapigana kwa ajili yake, wakarudi bila ardhi. Kisha wakajikuta wamefungwa katika jangwa letu kwa sababu ya kuidai. Jomo Kenyatta alikaa nao Lokitaung hadi 1959, akaletwa Lodwar, na mwaka 1961 akapelekwa Maralal. Nyumba aliyokaa hapa Lodwar ingali ipo, na wageni huonyeshwa.

Uhuru ulipokuja, Kaggia aliendelea kusema kwamba waliopigania ardhi na wasio na ardhi wapewe bure, na kwa msimamo huo akatoka serikalini mwaka 1964. Alifariki mwaka 2005 akijulikana kwa usafi wa mikono yake na kwa mashine yake ya kusaga mahindi. Namheshimu sana. Alielewa kwamba deni la askari hulipwa kwa udongo.

Kina baba hawakuwa na wa kuwasemea. Walifanya walichoweza: waliingia kwenye bustani za wake zao.

Nasema bustani za wake zao kwa sababu kando ya mito ya Turkwel na Kerio mtama umekuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Mwanamume hesabu yake ilikuwa mifugo. Aliyelima alihesabiwa maskini, mtu aliyeshindwa. Baba alirudi hana ng'ombe, na mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Mama yangu alikuwa na kipande chake ukingoni mwa mto, alichokirithi kwa mama mkwe. Mafuriko yalipokuja kutoka milima ya kusini, Turkwel ilifurika, ikatulia siku kadhaa juu ya ukingo, kisha ikarudi mkondoni na kuacha tope jeusi. Tope likianza kukauka lakini halijapasuka, hapo ndipo pa kupanda. Mama alitangulia na mti uliochongwa ncha, akitoboa. Nyuma yake baba alitia punje za mtama, akafukia kwa kisigino. Askari wa Burma alikuwa nyuma ya mkewe, akifuata mstari wake.

Kisha uzio wa miiba, maana mbuzi hawana adabu. Mtama ukitoa masuke, ndege. Sisi watoto tulipandishwa juu ya jukwaa la miti tangu alfajiri na makombeo na madonge ya udongo, tukipiga kelele mpaka sauti zikauke. Baada ya miezi mitatu hivi mama alianza kukata masuke kwa kisu. Siku ile baba alikaa juu ya ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha wanaume, akikusanya punje zilizodondoka moja moja. Sijapata kumwona katika utulivu kama ule siku nyingine yoyote. Usiku wa mavuno hakushtuka usingizini.

Wanaume wengine walimcheka. Yeye hakujibu. Baadaye nimekuja kufikiri kwamba kushika mti wa kupandia mbele ya watu wanaokucheka kulihitaji moyo mkubwa kuliko kuvuka Chindwin pamoja na jeshi zima. Na kwa mama zetu, ambao walikuwa wakulima kabla ya yeyote kurudi kutoka popote, nasema hivi: ninyi ndio mlioipa kizazi kile mahali pa kuishia vita.

Ukame wa 1960 na 1961 uliwaleta watu kwenye kambi za chakula, na mwaka huo wa 1961 wamisionari wa Kikatoliki wa Mtakatifu Patriki wakaingia Turkana. Ndipo wakubwa walipoanza kuzungumza kilimo. Miradi ya kumwagilia ikaanzishwa Kekarongole na Katilu kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa ile ya 1970, kwa msaada wa FAO. Baadhi ya rika la baba walihamia huko, wazee tayari, wakapewa vipande vyao. Kwa muda mfupi niliona kile ambacho Kitale ilikiona mwaka 1919: askari wa zamani mwenye maji yake mferejini. Lakini mifereji ilijaa mchanga, matengenezo yakawa ghali, na waliopanga miradi walikuwa hawajawauliza wenye mto.

Wakati huohuo bunduki zilirudi kwa mlango mwingine. Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi, na silaha zake zikasambaa Karamoja. Kilichofuata huku ni mashambulizi ya mfululizo, na juu yake ukame na magonjwa ya mifugo. Wazee wa Turkana hutaja miaka kwa majina, na ule wa 1979 na 1980 ni Lopiar. Wanaoukumbuka hawautaji kwa sauti kubwa. Familia ziliamka na mifugo mia, zikalala bila hata mmoja. Serikali ilianzisha mradi wa kuwainua watu, wa chakula kwa kazi. Vijana wengi, hata hivyo, walijifunza somo lao wenyewe, kwamba mwenye bunduki hula na asiyekuwa nayo hupanga foleni.

Hicho ni kizazi changu na cha wadogo zangu. Hatukuwa na cheti cha jeshi wala nishani, lakini tulipigana na wengi wetu walizikwa. Tofauti yetu na kina baba ni kwamba sisi hatukupata pa kurudi. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991, lenye uwezo wa megawati 106. Umeme ulikwenda kwingine, na Lodwar ikaendelea na jenereta kwa miaka mingi. Mto nao ukafungwa. Yale mafuriko yaliyokuwa yakileta tope jeusi yakawa hayana msimu: maji hutoka yanapofunguliwa. Kipande cha mama yangu leo kimemezwa na mathenge, ule mti tunaouita etirae, ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Umeshika kingo na mifereji kwa miiba yake, na panga moja haliuwezi. Kijana aliyekuwa arithi bustani amerithi kichaka. Tukimwambia atupe bunduki, anauliza ashike nini. Sijapata jibu la kumpa, na swali lake ni la haki.

Mwaka 1992 walitufikia wengine. Mei 1991 serikali ya Mengistu ilikuwa imeanguka Ethiopia, na maelfu ya watoto wa kiume wa Sudan Kusini waliokuwa kwenye kambi huko wakafukuzwa tena. Walitembea hadi wakavuka mpaka kule Lokichoggio, wakaletwa Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya laga ya Tarach, yaani mto wa msimu. Wengine kati yao walikuwa wameshashika bunduki kabla ya kubalehe. Baada yao wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi. Kiswahili cha amri alichokileta baba kutoka Keya kimekuwa Kiswahili cha soko: Mkongo anauza, Mturkana ananunua, Mdinka anajifunza katikati.

Sitaficha kwamba wenyeji waliumia. Kwetu kila familia ina ekwar yake, miti ya ewoi kandokando ya mto ambayo maganda yake hulisha mbuzi kiangazi. Mji mzima ulipoota kwenye Tarach, miti hiyo ilikatwa kuni na kutiwa makaa, na mwenye ekwar hakuulizwa. Kumekuwa na ugomvi, na damu imemwagika pande zote mbili. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2015, jamii ya Waturkana ilikubali kutoa hekta 1,500 kwa ajili ya makazi ya Kalobeyei, mahali ambapo mkimbizi na mwenyeji wangekaa, wangelima na wangesoma pamoja. Watu walionyang'anywa mifugo mwaka 1918, wakanyimwa mashamba mwaka 1946 na kufungiwa mto mwaka 1991, ndio waliotoa ardhi. Jambo hilo liandikwe mahali pasipofutika.

Kalobeyei nimekaa na mzee mwenzangu mmoja aliyepigana miaka mingi upande wa kusini mwa Sudan kabla ya mkataba wa amani wa Januari 2005. Alirudi kwao baada ya uhuru wa Julai 2011, vita vikawaka tena Desemba 2013, akarejea Kenya akiwa na wajukuu. Nyuma ya nyumba yake ana matuta yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, ili maji yasikimbie. Anapanda bamia, kunde, mchicha na sukuma wiki. Maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo hukusanywa kwenye jerikeni, na jioni huyamwaga kwa kikombe, shina kwa shina, akiinama kwa taabu kwa sababu ya goti lake. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha Kakuma: "Bunduki nilipewa bure. Jembe nimenunua."

Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulikatwa vibaya kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Matuta ya yule mzee hayatoshi kulisha nyumba ile. Ila yeye na jirani yake Mturkana, ambaye kijana wake alirudisha bunduki kwa serikali, wanataka kitu kilekile: kisima cha kutegemewa, mbegu kwa wakati, na karatasi inayosema kwamba wakitengeneza ardhi, mwakani watakuwa bado juu yake. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi kumtoa mkimbizi katika utegemezi na kumuunganisha na mwenyeji. Ni ahadi nzuri. Nimezeeka nikisikia ahadi nzuri, na ndiyo maana naomba ipimwe kwa kipimo kimoja: ni watu wangapi, wageni na wenyeji, wanaovuna.

Kwa hiyo nawaambia walio na madaraka, Lodwar na Nairobi. Mifereji ya Katilu na ya vijiji vya Turkwel izibuliwe, na wenye mto waulizwe kwanza. Wanaoendesha bwawa wakae na wakulima wa chini wakubaliane siku za kufungua maji, ili mtama upate msimu wake. Mathenge iondolewe kingoni na watu walipwe kwa kazi hiyo. Mwenye ekwar kule Tarach atambuliwe na alipwe. Kijana anayekabidhi bunduki asipewe cheti na kupigwa picha tu. Apimiwe kipande chenye maji siku hiyohiyo. Mkimbizi aliyekimbia bunduki apewe haki ya kulima bila hofu ya kuhamishwa kesho.

Nawe kijana wa Lodwar na Kakuma unayesoma haya, ukiwa na babu au bibi aliye hai, nenda kamuulize alipigana wapi, alipanda nini, na nani alimsaidia. Andika majibu yake. Bado mko upande mmoja wa akiriket. Sisi wazee tutawaachia bunduki nyingi bila kupenda. Tusaidieni tuwaachie pia ardhi yenye maji, na anayedai ardhi hiyo apewe angali na nguvu za kuilima.